Benchi Linahamia Wapi? Kweli na Si Kweli Kuhusu Daktari wa Kwenye Simu

Shangazi yangu anaijua kliniki ya presha benchi kwa benchi. Anajua lipi limelegea mguu, lipi linapigwa na jua kuanzia saa tatu, na lipi liko karibu na mlango kiasi kwamba hata ukisinzia jina lako halikupiti. Siku ya kliniki anaamka saa tisa usiku. Saa kumi na moja alfajiri yumo kwenye daladala na kikapu chake mapajani: daftari la kliniki, chupa ya maji, maandazi mawili, kanga ya kujifunika baridi ikiuma. Akifika anakuta foleni imeshapangwa, na nusu ya waliopanga si watu. Ni ndala, chupa tupu na vipande vya matofali, vimeshika nafasi za waliokwenda kutafuta chai.

Mwaka jana nilimsindikiza. Tulifika saa kumi na mbili kasorobo. Daktari alimwona saa sita na dakika kumi, kwa dakika 7. Dawa tulizipata saa nane. Tukiwa njiani kurudi alivua viatu ndani ya bajaji. Miguu ilikuwa imemvimba hadi kamba za viatu zimeacha mifereji. Akasema, “Ndiyo malipo ya kukaa kitako kutwa nzima, mwanangu.” Nilimwamini. Habari ya miguu hiyo nitairudia.

Kila ninapowasimulia watu siku ile, nusu yao wananiambia nivumilie, daktari anahamia kwenye simu na foleni zinakwisha. Nusu nyingine wanasema huo ni utapeli, hakuna tiba bila mkono wa daktari. Nimeyachukua madai ya pande zote mbili nikayapima moja moja, kwa sababu jambo hili linawagusa watu wanaokaa kwenye mabenchi, na hao ni jamaa zetu.

“Tiba mtandao imekuja na Korona.”

Si kweli. Korona iliisukuma tu. Simu ilipata hataza mwaka 1876, na kufikia 1879 jarida la kitabibu la Lancet la Uingereza lilikuwa limekwisha kuandika kisa cha daktari aliyepigiwa simu usiku kwa ajili ya mtoto mwenye kikohozi. Aliomba mtoto asogezwe kwenye simu akohoe, akasikiliza, akawatoa wazazi wasiwasi. Mwaka 1968 hospitali ya Massachusetts General ya Boston iliunganishwa kwa televisheni na uwanja wa ndege wa Logan, daktari akawa anamwona msafiri mgonjwa bila kuvuka mji.

Huku kwetu tulianza na redio. Shirika la AMREF lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, na likawa maarufu kwa ndege zake. Lakini kilichofanya kazi kila siku, hata ndege zikiwa chini, ni mtandao wa redio uliojengwa miaka ya 1960. Nesi wa misheni iliyoko mbali na barabara aliweza kubonyeza kitufe na kumuuliza daktari aliyeko Nairobi afanye nini na mzazi anayetokwa damu. Hiyo ndiyo tiba ya mbali, na ilikuwapo kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

“Simu itamaliza foleni.”

Si kweli, na hapa nataka kukaa kidogo.

Anayesema hivi anadhani foleni ya hospitali ni moja. Ile siku nilizihesabu. Ya kwanza mapokezi, kutoa kadi ya bima na kutafutiwa faili. Ya pili kwa nesi wa vipimo vya awali: presha, uzito, sukari. Ya tatu kwa daktari. Ya nne kulipia kile ambacho bima haikigusi. Ya tano maabara. Ya sita kurudi kwa daktari na majibu. Ya saba dirisha la dawa. Foleni saba, na daktari wa kwenye simu anaigusa moja, labda mbili. Damu haitolewi kwa simu, wala kidonge hakisafiri hewani.

Lakini hapo hapo pana jambo ambalo wanaoibeza tiba mtandao hawalioni, nalo ni la hesabu. Tena hesabu ya foleni yenyewe ilizaliwa kwenye simu. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, Denmark, alichapisha kazi yake kuhusu jinsi simu zinavyoingia kituoni, kwa sababu kampuni ilitaka kujua iweke laini ngapi ili wapigaji wasisubiri kupita kiasi. Kanuni zilizokua kutoka hapo zinatumika leo benki, bandarini na hospitalini. Mojawapo, iliyothibitishwa na Mmarekani John Little mwaka 1961, unaweza kuifanyia kazi ukiwa umekaa hapo hapo kwenye benchi: idadi ya wanaosubiri ni sawa na wanaofika kwa saa, mara saa wanazosubiri. Wakifika watu 20 kwa saa na kila mmoja akisubiri saa 3, utakuta watu 60 wamekaa.

Nyingine ndiyo iliyonishangaza. Chukua daktari mmoja anayetumia wastani wa dakika 10 kwa mgonjwa, yaani wagonjwa 6 kwa saa. Wakija 57 katika saa 10, daktari huyo amebanwa asilimia 95 ya muda wake, na kwa kanuni hizo kila mgonjwa atasubiri wastani wa dakika 190. Sasa waondoe 9. Wamebaki 48, daktari amebanwa asilimia 80. Kusubiri kunashuka hadi dakika 40. Umeondoa chini ya mtu mmoja katika kila sita, na zaidi ya robo tatu ya kusubiri imeondoka nao.

Hao 9 wapo kwenye kila benchi. Ni yule aliyekuja kuandikiwa dawa zile zile za presha ambazo amekunywa miaka 4. Ni yule aliyekuja kusomewa majibu ya kipimo yaliyotoka juzi, yakiwa mazuri. Ni aliyefanyiwa upasuaji mdogo wa ngiri, kidonda kimekauka, anataka tu kuulizwa kama ana homa. Ukiwapigia simu hawa, aliyepona zaidi ni bibi aliyebaki kwenye benchi.

Halafu hesabu ile inachukulia kwamba watu wanafika mmoja mmoja kutwa nzima. Kwetu hawafiki hivyo. Daftari la shangazi limeandikwa tarehe, halijaandikwa saa. Basi wote wa tarehe hiyo wanafika kabla ya jua, wenye nguvu mbele na wazee nyuma, na mlango unafunguliwa saa mbili. Ujumbe mfupi unaosema “njoo saa nne na nusu” ungepunguza mateso mengi kwa gharama ya ujumbe mmoja. Hautaki video wala intaneti ya kasi.

Na mfano ninaoupenda kuliko yote hauna hata skrini. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watu wanaoishi na VVU ambao hali zao zimetulia wapewe dawa za miezi 3 hadi 6 kwa mkupuo. Mtu aliyekuwa akipanga foleni mara 12 kwa mwaka akawa anapanga mara 4, au 2. Tukizungumza kuhusu kupunguza mabenchi, tuanze kwa kuuliza kwa nini mwenye presha iliyotulia bado anapewa vidonge vya mwezi mmoja.

“Ukiwa na daktari wa simu, husubiri tena.”

Si kweli. Kusubiri hakufi, kunahama. Kunatoka ukumbini kunaingia jikoni kwako, dukani kwako, mfukoni mwako.

Nilijifunza hili mwenyewe. Nililipia mashauriano kwa simu, nikapata ujumbe: daktari atakupigia kati ya saa nne na saa nane. Siku ile sikwenda sokoni. Simu ilikaa kwenye chaji karibu na dirisha, mahali pekee penye mtandao mzuri, na mimi nikakaa karibu na simu. Hata chooni nilikwenda nayo. Saa nane ikapita. Saa tisa na nusu nikaona siku inakwisha, nikapanda daladala, na ile simu ikaita nikiwa nimeinama naokota chenji iliyoanguka miguuni mwa kondakta. Nilipopiga, sauti iliyorekodiwa ikaniambia namba hii haipokei simu. Nafasi yangu ilikuwa imepotea. Ilinibidi kuanza upya.

Kwenye benchi, pamoja na shida zake, unawaona walio mbele yako. Unamuuliza wa pembeni, “Ameitwa nani?” Nesi akipita unamkamata. Ukitoka kidogo, mwenzako anakutunzia nafasi. Foleni ya simu ni ya gizani. Hujui kama mbele yako wako 2 au 40, na hakuna ndala ya kukushikia nafasi. Dawa ya hili inajulikana: mgonjwa aambiwe yuko wa ngapi, atumiwe ujumbe akibaki wa 3, na akikosa simu apigiwe mara ya pili kabla ya kufutwa. Kituo kinachotaka kuwatendea haki wagonjwa wake hakishindwi kuyafanya hayo.

“Lazima uwe na simujanja.”

Si kweli. Huduma zilizowafikia watu wengi zaidi kwetu zimepita kwenye simu ya kitochi. Mwaka 2012 Tanzania ilianza kuwatumia wajawazito ujumbe wa bure wa Wazazi Nipendeni kupitia namba 15001: kumbusha kliniki, kumbusha vidonge vya damu, eleza dalili za hatari. Wizara ya Afya ina namba 199, unapiga na kuuliza.

Kisha kuna mfumo wa m-mama. Huo ulianza kwa majaribio wilayani Sengerema, mkoani Mwanza, ukaenda Shinyanga, na mwaka 2022 ulianza kusambazwa nchi nzima. Mjamzito akipata shida, yeye au mhudumu anapiga 115, bila malipo. Mtaalamu kituoni anauliza maswali, anapima uzito wa hali, anaamua kama ni dharura na mama apelekwe kituo gani. Gari la wagonjwa likiwa mbali au halipo, anapigiwa dereva jamii, mtu wa hapo kijijini aliyesajiliwa mwenye gari lake. Akishamfikisha mama, na kituo kikithibitisha, analipwa nauli yake kwa pesa za simu.

Nimeuweka mfumo huu hapa kwa sababu unafundisha kusubiri ni nini hasa. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mama anayekufa kwa uzazi anaweza kuwa amecheleweshwa mahali patatu: nyumbani, wakati familia inaamua kama aende au asiende, njiani, wakati usafiri unatafutwa, na hospitalini, wakati anasubiri kuhudumiwa. Sisi tukisema foleni tunaiwazia ile ya tatu, kwa sababu ndiyo yenye mabenchi. Zile mbili za kwanza zinasubiriwa kitandani na barabarani, na hakuna anayezipiga picha. Simu ya 115 inazikata hizo, na mlango wa wodi ya wazazi unafunguliwa watu wakiwa wameshajua nani anakuja na ana nini.

Lakini dai hili lina punje ya ukweli. Simu ya kitochi nayo ina mwenyewe. Katika nyumba nyingi mwenyewe ni baba, anatoka nayo asubuhi. Mama mwenye mtoto anayechemka homa saa saba mchana ana namba ya bure kichwani na hana cha kuipigia.

“Ikija kampuni kubwa yenye teknolojia, tumepona.”

Si kweli. Waulize majirani zetu Rwanda.

Mwaka 2016 kampuni ya Babylon ya London, iliyoanzishwa na Ali Parsa mwaka 2013, ilifungua tawi Rwanda kwa jina la Babyl. Walilifanya vizuri jambo la msingi. Hawakuanza na simujanja, walianza na *811#. Ukibonyeza, nesi anakupigia, mnazungumza Kinyarwanda, akiona haja anakupa daktari. Dawa au kipimo unatumiwa msimbo kwa ujumbe mfupi, unakwenda nao duka la dawa au maabara. Mwaka 2020 ulisainiwa mkataba wa miaka 10, na huduma ikaingizwa kwenye bima ya afya ya jamii, ile Mutuelle de Santé ambayo karibu kila kaya inayo. Zaidi ya watu milioni 2 walijiandikisha. Katika nchi yenye vilima kama ile, kuepushwa kupanda na kushuka saa 2 kwa ajili ya swali moja si jambo dogo.

Kampuni mama, wakati huo huo, ilikuwa imeingia soko la hisa la New York mwaka 2021. Kufikia 2023 ilikuwa imeanguka kifedha. Babyl ya Rwanda ikafunga mwaka huo huo. Mkataba wa miaka 10 ulikuwa haujafika nusu.

Watu hawakuumwa kidogo mwaka uliofuata kwa sababu mbao za hisa za New York zimebadilika. Walirudi kwenye benchi la kituo cha afya, na heri benchi lilikuwepo bado. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi nikisikia mipango ya kupunguza vyumba na wahudumu kwa matumaini kwamba huduma itakuwa mtandaoni. Zahanati inaweza kukosa dawa, inaweza kukosa umeme, lakini haiwezi kufilisika London ikatoweka Nyamata, Rwanda.

“Daktari asiyekugusa hawezi kukutibu.”

Nusu kweli, na nusu hizo mbili lazima zitenganishwe vizuri maana zote zinaweza kuua.

Kuna maradhi yanayotaka mkono, sikio na sindano. Tumbo lililokaza ghafla. Kifua kinachobana. Mjamzito mwenye kichwa kinachogonga na macho yanayoona nyota. Hawa wasipoteze muda na simu isipokuwa ya kuita usafiri. Homa nayo ina kanuni yake: tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka malaria ipimwe kabla ya kutibiwa. Daktari wa simu anayekuandikia dawa ya malaria kwa kusikia tu kwamba mwili unauma anaturudisha nyuma, hata akiwa na picha safi kiasi gani.

Nusu ya pili ni kwamba mikono ya daktari inaweza kuazimwa. Mtoto anakohoa, mama anapiga simu. Aliyepokea anamwambia amvue shati, simu iwekwe spika juu ya meza, mtoto awe ametulia, asiwe analia wala kunyonya. “Tazama kifua. Kila kikipanda, hesabu kwa sauti. Mimi nashika saa.” Mama anahesabu. Kwa dakika moja nzima kinachosikika ni sauti yake tu. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi kabla ya 5 akifika 40, hiyo ni pumzi ya haraka na huenda ni nimonia; aende kituoni leo. Na kama hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea haamki, hakuna haja ya kuhesabu, aondoke sasa hivi. Kipimo hiki ndicho anachotumia nesi wa zahanati. Hakitaki chochote zaidi ya macho, saa na mtu mtulivu upande wa pili.

Hata hivyo sijaona bado jinsi simu itakavyonusa. Nesi mzoefu anainua kichwa mlangoni na kujua kuna kidonda cha sukari kilichooza, kabla mgonjwa hajasema neno.

“Ukumbi wa kusubiri ni kero tupu, ukiondoka hakuna atakayeulilia.”

Si kweli. Nesi akipita katikati ya mabenchi anafanya kazi kubwa bila kukaa kwenye meza. Anamwona mtoto aliyelala vibaya begani, anamgusa paji la uso, anamtoa wa 43 anamweka wa kwanza, na hakuna anayelalamika. Kliniki ya mama na mtoto huanza asubuhi kwa somo la afya, na wanawake wanafundishana mengi zaidi baada ya nesi kuondoka: nani kamzalisha nani, chuchu zikipasuka ufanyeje, mume akikataa uzazi wa mpango useme nini. Mzee aliyekaa naye benchi moja ndiye aliyemjulisha shangazi kwamba anaweza kuomba msamaha wa kuchangia gharama. Hakuambiwa na tangazo lolote.

Wapo pia wanaosema ukumbi wa kusubiri unaambukiza maradhi, na hao wana ushahidi mchungu. Mwaka 2006 ilichapishwa ripoti ya Tugela Ferry, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini: wagonjwa 53 wa kifua kikuu kisichosikia karibu dawa zote, 52 wakafa, na wengi walikuwa wamepita kwenye wodi za hospitali kabla. Mwaka uliofuata utafiti wa Lima, Peru, ulionyesha kwamba majengo ya zamani yenye dari za juu na madirisha makubwa yaliyofunguliwa yanabadilisha hewa kuliko vyumba vya kisasa vyenye mashine. Kwa hiyo ile zahanati ya kijijini ambayo wagonjwa wanakaa nje barazani, chini ya mwembe, si ya kuonea haya. Anayekohoa wiki 2 akishauriwa kwa simu lini na wapi apeleke makohozi, na wengine wakikaa penye upepo, simu na mwembe vinafanya kazi pamoja.

“Simuni siri yangu iko salama zaidi.”

Inategemea unamficha nani. Ukimficha jirani, mara nyingi ni kweli. Kijana anayeona aibu kuonekana kwenye benchi la kliniki fulani anapata nafuu kubwa akizungumza kwa simu. Ukimficha mtu wa nyumbani, si kweli: mke anayepigwa hawezi kueleza michubuko yake mumewe akiwa chumba cha pili na ukuta ni wa mabanzi. Na ukiwaficha wezi wa mtandaoni, kumbuka Finland, ambako kumbukumbu za mazungumzo ya wagonjwa wa kituo cha tiba ya akili cha Vastaamo ziliibwa, na mwaka 2020 wagonjwa wenyewe wakaanza kudaiwa pesa ili siri zao zisianikwe. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Uliza kituo chako mazungumzo yanarekodiwa na yanatunzwa wapi. Una haki ya kujibiwa.

“Dakika 7 za simu haziwezi kuzidi dakika 7 za ana kwa ana.”

Miezi michache iliyopita kliniki ya shangazi ilianza kuwapigia simu baadhi ya wagonjwa wa presha. Alipangiwa siku, nami nikaenda kumshikia simu, kwa kuwa sikio lake la kulia halisikii vizuri. Daktari alikuwa kijana. “Shikamoo, mama.” “Marahaba, daktari wangu.” Akamwomba ajipime presha kwa mashine ya jirani, akaandika. Kisha akasema kitu ambacho kwenye chumba chake asingeweza kukisema, kwa sababu kule shangazi huenda na daftari tu: “Mama, naomba dawa zote unazokunywa uziweke mezani. Zote, hata za kununua. Unisomee moja moja.”

Shangazi akavaa miwani. Maboksi yalikuwa manne. Alisoma la kwanza, la pili. Alipomaliza la tatu daktari akamkatisha. “Hilo la tatu, soma maandishi madogo yaliyo chini ya jina.” Akasogeza boksi kwenye mwanga wa dirisha. “Am-lo-di-pin.” “Na lile la kwanza, chini ya jina?” Akalichukua, akalitazama muda mrefu. “Daktari, limeandikwa hivyo hivyo.”

Lile la tatu alilinunua duka la dawa siku dirisha la hospitali lilipoishiwa. Hospitali ilipopata tena, wakampa la jina jingine, naye akaendelea na yote mawili kila asubuhi kwa miezi mingi. Kila mwezi alikuwa akiulizwa kama anakunywa dawa, na kila mwezi alijibu kweli tupu kwamba anakunywa.

“Miguu inavimba, mama?” Mimi na shangazi tulitazamana. Akaambiwa abonyeze kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo, ahesabu hadi tano, aachie. “Pamebaki shimo?” Pamebaki. Daktari akaeleza taratibu kwamba dawa hiyo inajulikana kwa kuvimbisha miguu, hasa kipimo kikizidi. Boksi moja liwekwe pembeni kuanzia kesho. Lakini uvimbe unaweza kutoka pia kwenye moyo au figo, na hilo hawezi kulimaliza kwa simu. Atoe damu, asikilizwe kifua. Aje Alhamisi, na maboksi yote kwenye kikapu.

“Alhamisi alfajiri,” shangazi akasema, tayari anahesabu muda wa kuamka.

“Hapana, mama. Saa nne. Jina lako litakuwa kwenye orodha ya saa nne.”

Akafungua daftari la kliniki. Akaandika tarehe kama kawaida, akasita, akaniuliza saa nayo aiandike wapi, maana hapakuwa na mstari wake. Akaiandika pembeni, ndani ya duara.